Mama, Uso Sikuuona

Hagsätra, Stockholm
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umepungua, au bado unaufunga kitambaa na kuwaambia watu ni baridi tu? Huku tunapumua. Neema anakohoa kidogo lakini anakula. Mkweo yuko Märsta kazini, kule uwanja wa ndege anakopakia mizigo, atarudi jioni. Theluji imeyeyuka na kuacha kokoto wanazomwaga barabarani tusiteleze, ziko kila mahali, zinaingia mpaka kitandani. Mimi nimechoka, mama, ila ni uchovu wangu ule ule, wa kusinzia kwenye treni nimesimama.

Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Nikikupigia simu unaweka spika, na kabla hujafungua mdomo baba mdogo ameshajibu. Barua hii ataibeba dada Zawadi, yule Mkongo tunayesali naye, anakuja Dar kumwona ndugu yake. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza, mpe baba mdogo aisome, sina siri.

Nianze na lenyewe, usisome huku moyo unakudunda. Alhamisi nimezungumza na mpelelezi wa huko nyumbani. Nimemwambia sikumwona Shabani.

Usiichane, mama. Endelea kusoma.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka naujua kwa moyo. "Anna mwanangu, ni yeye. Kila mtu hapa anajua ni yeye. Aligombana na Yona wakatoana damu, na shati la bluu analo. Wewe malizia tu, sema ulimwona." Na nyuma yako nilimsikia baba mdogo, "Mwambie wasipopata maneno yake kijana atatoka rumande." Ulikuwa unalia. Nilitamani nikupe unachokitaka. Wewe ndiye uliyemzaa Yona, na wewe ndiye unayeamka kila siku kwenye nyumba ambayo hayumo.

Lakini hujawahi kunisikia nikieleza vizuri nilichokiona siku Yona alipouawa, kwa sababu kila nikianza mnalia, na mimi nalia. Ngoja nieleze hapa. Yona alinipigia video akitoka mashine ya mpunga, jua bado lipo. Neema alikuwa mapajani kwangu. Walikuwa kwenye mchezo wao ule, mjomba anaficha uso kwa kiganja, anafunua, mtoto anacheka. Nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yake, "Simama wewe." Yona akageuza kichwa. Simu ikaanguka. Nikaona mbingu, majani, halafu mkono wa shati la bluu ukashuka mbele ya kioo. Basi. Kikawa giza. Neema akacheka, alidhani mjomba kaficha uso.

Mpaka leo anageuza simu yangu na kuangalia mgongoni. "Morbror ramlade," anasema, yaani mjomba kaanguka. Nikamwambia siku moja aseme kwa Kiswahili. Akasema kwa Kiswahili. Sikumwambia tena.

Sasa sikia kinachonitisha. Siku za mwanzo nikifumba macho nilikuwa naona ule mkono tu. Baba mdogo alipotaja jina, mkono ukaota bega. Bega likaota shingo. Wiki iliyofuata juu ya shingo amekaa Shabani, na mwanya wake wa meno, ananitazama. Nikiosha vyombo yupo. Nikimvalisha Neema soksi yupo. Nikaanza kusema moyoni, labda kweli nilimwona, labda nilisahau kwa uchungu. Nikapanga kumwambia mpelelezi maneno laini: nadhani alikuwa yeye, anafanana naye. Si uongo mzima, na wewe ungepumzika.

Ningesema hivyo, mama, kama si mzee mmoja Mchina.

Unajua kazi yangu, nazunguka kwenye nyumba za wazee, nawaogesha, nawapa dawa, napasha chakula, naenda kwa mwingine. Huyu ni mjane, yuko ghorofa ya tatu, binti yake kaolewa huku ndiye aliyemleta. Jina lake silitaji, kazi yetu ina kiapo cha siri. Kuzieleza habari zake ameniruhusu yeye mwenyewe, utaona mbele. Sisi tunamwita Profesa. Alifundisha sheria ya jinai huko kwao China maisha yake yote, na huku Sweden alishawahi kualikwa kuhutubia zamani, akiwa na nywele. Kiswidi chake kibovu kama changu, ndiyo maana tunaelewana.

Ana maneno huyo. Siku ya kwanza nilipompikia wali alionja akaweka chini. "Unasema kwenu mnalima mpunga?"

"Ifakara nzima, Profesa."

"Basi mngeishia kulima. Kupika mngewaachia wengine."

"Wali wenu ndio wa ajabu," nikamwambia. "Umeshikana kama matope ya jaruba." Akacheka mpaka nikamshika asianguke.

Ameniambia maisha yake kidogo kidogo, nikimkata kucha. Baba yake alikuwa mwalimu. Yeye akiwa kijana shule zilifungwa nchi nzima, walimu wakazomewa hadharani, na vijana wa mjini kama yeye wakapelekwa vijijini kulima. Yeye alipangiwa nguruwe. Sheria haikuwepo, anasema, mtu alihukumiwa kwa kupiga kelele nyingi zaidi. Vyuo vilipofunguliwa tena akachagua sheria ya jinai, kwa sababu alishaona watu wakihukumiwa kwa kelele. Alisoma kwenye vyumba visivyo na moto, wino unaganda. Akawa mwalimu, akaandika kitabu ambacho mahakimu walikibeba kortini. Wanafunzi wake wakawa majaji na waendesha mashtaka. Likitokea shauri gumu walimpelekea jalada alisome na kutoa maoni yake kwa maandishi. Ndivyo maprofesa wa kwao wanavyofanya.

Mwezi uliopita nilikuwa na haraka, Neema ana homa, shule ya watoto inanipigia nikamchukue. Nikampakulia Profesa wali, na vile vijiti vyao vya kulia nikavichomeka katikati ya bakuli vikasimama wima, ili mkono wake unaotetemeka uvipate kwa urahisi. Kama sisi tunavyosimamisha mwiko. Nikamwekea mezani.

Hakugusa. Alikaa anavitazama vile vijiti mpaka nikadhani kapata kiharusi.

"Profesa, vipi?"

"Umemkaribisha nani?"

"Sijamkaribisha mtu. Ni chakula chako."

"Kwetu wali wa namna hii anaandaliwa mtu aliyekufa."

Nilitaka kufa kwa aibu. Nikanyoosha mkono nivichomoe, akanizuia. "Acha. Amesimama mlangoni muda mrefu, na ale." Mama, niligeuka kuangalia mlango. Hakukuwa na kitu, makoti yetu mawili tu yametundikwa. Lakini sikuugeuzia mgongo tena siku ile. Nikampigia mkweo akamchukue mtoto, nikaketi.

Akanieleza. Kulikuwa na kijana mbeba matofali aliyeshtakiwa kwa kumuua mlinzi wa ghala. Alikuwa amekiri. Profesa akaletewa jalada. Akasoma, akaona lile kukiri halikai sawa: kijana anaeleza milango ya ghala vizuri kupita kiasi, kama mtu aliyeonyeshwa picha. Waliomhoji walikaa naye siku nyingi bila kumwacha alale, wanamuuliza yale yale, mpaka mwisho yule kijana mwenyewe akawa analiona ghala ambalo hakuwahi kuingia. Aliamini alikuwemo.

Profesa aliandika mashaka yake. Lakini jaji mkuu wa lile shauri alikuwa mtu aliyemfundisha yeye chuoni, na kwao mwalimu wako humkosoi mbele za watu. Basi akayaweka kwa adabu, mwishoni kabisa, baada ya sifa nyingi: yapo mambo machache yanayoweza kufaa kutazamwa tena. Kila aliyesoma alielewa kwamba Profesa amekubali. Kijana akauawa. Baadaye alikamatwa mtu mwingine kwa jambo lingine, naye akaeleza kwamba yule mlinzi wa ghala alimuua yeye, akaonyesha na alipofukia funguo.

Mama yake yule kijana akaja chuoni. Mwanamke wa shamba, anasema, amevaa nguo yake ya sikukuu. Akaingia darasani wanafunzi wamejaa, akasimama mbele yake.

"Wewe ndiye uliyesoma habari za mwanangu?"

"Ni mimi."

"Uliona si yeye?"

"Niliona mashaka."

"Uliyasema?"

"Niliyasema, mama."

"Kwa sauti gani?"

Yule mama akatoka. Tangu hapo kila mwaka somo lake la kwanza lilikuwa hilo, alisimama mbele ya wanafunzi wapya na kuwaambia alichoandika na alivyokiandika. Wakubwa walimkataza, hakuacha. Wengine wakaacha kumwalika. Sheria zao za kukiri zilipokuja kubadilishwa aliitwa kutoa maoni, akasema kwa ukali mpaka wenzake wakamvuta koti. Watu wanamsifu kwa hilo. Yeye anasema yule kijana hasifu, anasimama tu mlangoni.

Hapo na mimi nikamweleza habari yangu. Yona, simu, mkono wa bluu, na Shabani anayekaa juu ya shingo. Hakunipa hotuba. Aliniuliza swali moja: "Uso ulikuja kabla ya jina, au jina lilikuja kabla ya uso?"

Nikamwambia jina lilitangulia.

"Na mpelelezi utamwambia nini?"

"Nitamwambia nadhani. Mama yangu ana uchungu, Profesa, siwezi kumkatalia kabisa."

Akanishika mkono, mkono wake mwepesi kama wa Neema. "Binti, mimi pia sikutaka kumkatalia mtu kabisa." Halafu akasema, "Mwandikie mama yako habari yangu. Jina liache."

Alhamisi mpelelezi alinipigia kwa video. Baba Neema alimtoa mtoto nje. Akaniuliza, "Ulimwona Shabani?" Nikasema hapana.

"Mama yako ameandikisha kwamba ulimtambua."

"Mama yangu hakuwepo kwenye simu, afande. Nilisikia sauti ya mwanamume, siijui. Niliona mkono wa shati la bluu. Uso sikuuona."

"Lakini anaweza kuwa yeye?"

"Anaweza kuwa yeye, na anaweza kuwa mwingine. Mimi sikumwona mtu."

Akauliza tena kwa njia nyingine, kwa upole sasa. Nikarudia yale yale, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, mpaka jirani wa chini akagonga bomba ninyamaze. Nikamwambia aniandikie hivyo hivyo na anisomee. Akanisomea.

Simtetei Shabani, mama. Kama ni yeye, watafute ushahidi wao na wamfunge. Kama si yeye, aliyemuua Yona wetu bado anapita pale mashineni na anakuamkia. Na hukumu ya jambo hili unaijua, ni kamba. Sitaki mama mwingine avae nguo ya sikukuu aje kwako kuniulizia.

Baba mdogo atasema Ulaya imenibadilisha. Mwambie nampenda na namheshimu, na maneno yangu sibadilishi hata akipiga simu kila siku. Nawe ukinikasirikia, nikasirikie, ni haki yako, nitangoja. Ila simu zangu upokee, hata usiponisemesha. Uniache nisikie jogoo na sufuria.

Usifikiri nimepona. Shabani hajatoka machoni. Jana amekuja tena, nikasimama pale kwenye sinki nikamwambia kwa sauti, wewe sikukuona. Akabaki. Nikaendelea kuosha.

Nisalimie baba mdogo na mke wake. Shangazi mwambie kile kitenge alichonitumia ndicho namfunikia Neema. Fundi aliyejengea kaburi la Yona mshukuru, picha nimeiona. Mchungaji aendelee kutuombea. Na mama Shabani, jirani yetu, uliyesema humsalimii tena na yeye anazunguka njia ya nyuma asikutane nawe kisimani: msalimie. Sema ni salamu zangu, kama zako hazitoki bado.

Ni mimi mwanao,
Anna, mama wa Neema