Kadi ya Nane

Jumatatu, 3 Machi
Klabu ya kompyuta tumeanza programu ya maktaba! Mwalimu ametugawia kadi za namba, kama wanavyofanya kazini kwa dada, anakotengeneza programu. Kila kazi tunaikadiria ugumu: moja nyepesi, kumi na tatu nzito mno. Unafunika kadi, mwalimu anahesabu, mnafunua pamoja — mtu asiige.

Kazi ya kwanza, sehemu ya programu ya kurudisha vitabu, nilichagua nane. Nikachungulia za jirani: tatu, tatu. Nikabadilisha haraka, nami tatu! Rafiki yangu tunayemwita Kobe alifunua kumi na tatu, peke yake. Akaeleza kwamba nakala nyingi za kitabu kimoja zina namba moja, programu itazichanganya.

“Kobe bwana! Hata kufunua kadi utataka wiki mbili!” mmoja akadakia.

Walicheka. Nami nikacheka, kidogo. Lakini nilijua. Nakala zile tulizikagua pamoja.

Mwalimu akaandika tatu, akamwahidi mama wa maktaba kwamba Ijumaa itakuwa tayari. Kazi tukapewa mimi na Kobe.

Alhamisi, 6 Machi
Ukirudisha kamusi moja, programu inadhani zote zimerudi. Kobe anafanya kazi kimya. Hajasema “si nilisema?” Afadhali angesema.

Ijumaa, 7 Machi
Haikuisha. Mama wa maktaba alishalifungia kabatini daftari lake la zamani. Akauliza kwa upole, sasa wanangu, niandike wapi?

Mtu akasema, Kobe huyo, katuchelewesha. Wote wakaitikia! Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia dada yote. Hakunigombeza. Kadi si mtihani, mdogo wangu, alisema. Mwenye namba ya peke yake ndiye wa kusikilizwa kwanza.

Wenye kumi na tatu tungekuwa wawili, wenzetu wasingecheka.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika klabuni, daftari mapajani. Tunaikadiria upya kazi ileile. Niliomba kusema kitu kuhusu wiki iliyopita. Mwalimu kasema kadi kwanza.

Kobe kakaa nyuma, mbali nami.

Sikuchungulia. Nimefunika kumi na tatu.

Moja, mbili — tatu!

Za wengine nane, nane, tano. Yangu kumi na tatu. Ya Kobe — tatu.

“Kobe leo ana mbio!”

Hakucheka. Hata kunitazama, hapana.

Mwalimu anasema nisimame nieleze. Kobe anafunga zipu ya begi lake —