Boga la Mama Yenu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, tarehe 18, mwezi wa nane.

Mpendwa shemeji yangu,

Hujambo wewe, na goti lako nalo halijambo? Nalisalimu goti peke yake kwa sababu ndilo lililokuzuia kuja kumzika dada yako, na mimi sina kinyongo nalo. Goti ni goti. Na Mzee wa Redio, huyo mume wako, bado analala na redio kifuani? Mwambie betri zikiisha akukumbatie wewe.

Huku sisi wazima. Mimi mzima kabisa ukiondoa mgongo, macho na meno ya juu. Cherehani inakohoa kuliko mwenye cherehani. Binti yetu mwalimu huja kila Jumamosi kunikagua kama daftari, na kaka yake dereva akipita na lori hupiga honi mpaka kuku wa jirani wanaacha kutaga.

Sasa najua unasoma kwa kuruka mistari, unatafuta neno boga. Usiruke. Barua hii uisome kama mtu anayekula samaki mwenye miiba.

Uliniandikia mwezi wa tisa mwaka jana, ukaomba mbegu za lile boga la mama yenu, alilompa dada yako siku anaolewa. Ulisema kaburini hukufika, basi angalau boga la nyumbani litambae mlangoni pako. Nikakujibu mistari miwili tu: zipo, tulia. Shemeji, njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu imefika ukutani.

Nianze mwanzo. Wiki ile watu wa msiba walipoondoka na viti vyao, nyumba ilibaki na mimi na saa ya ukutani. Nikaingiza mkono chini ya kitanda kutafuta kiatu, nikatoa kapu la dada yako. Ndani yake vifurushi, kama ishirini hivi, vya vipande vya nguo, kila kimoja kimefungwa fundo. Vipande vyenyewe ni vya kwangu, masalio ya mezani. Miaka yote nilidhani anavifagia na kuvitupa.

Wewe unajua mimi ni fundi. Mtu mwingine angeona mbegu, mimi nikaona nguo. Hiki ni cha sare ya kwanza ya binti yetu. Hiki cha suruali yangu ya harusi, ile iliyonibana nikashindwa kukaa mbele ya wakwe, mkadhani nina adabu. Hiki cha buluu chenye madoadoa meupe ni cha gauni nililomshonea mama yenu, akalivaa mpaka likawa chandarua. Nikafungua fundo moja, nikafungua la pili, nikafungua yote. Mbegu nikazimwaga kwenye bakuli moja. Vipande nikavitandaza kitandani upande wa dada yako, nikalia mpaka nikaona aibu mwenyewe. Kisha nikavishona, nikapata foronya. Ndiyo ninayolalia.

Dada yako hakujua kuandika, wewe unajua. Kitambaa ndicho kilichokuwa maandishi yake. Buluu ya madoadoa, boga la mama. Kaki, boga la kawaida. Mistari myekundu, tango. Mimi mwenye darasa langu la nne, ninayejiita msomi wa nyumba, nikafuta maandishi yote kwa mikono yangu. Halafu mbegu za boga hili na boga lile zinafanana kama mapacha, huwezi kuzitenga hata uvae miwani mbili. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara.

Mvua kubwa ilipoanza nikasema, zikilala bakulini zitaoza. Nikachukua jembe, mimi ambaye chombo changu kirefu kuliko vyote kilikuwa sindano, nikaenda bustanini nyuma ya nyumba nikazifukia zote ovyo, kama mbwa anayeficha mfupa.

Ucheke kidogo hapa, ruhusa. Kwa wiki tatu nilikuwa namwagilia kitu kimestawi vizuri sana, kijani kibichi, kinapendeza. Jirani yetu, yule bwana shamba mstaafu, akaegemea ua akaniuliza, "Fundi, unamwagilia magugu?"

Nikamwambia, "Yanashukuru kuliko watoto."

"Na ule mchicha uliong'oa juzi ukatupa?"

"Ulikuwa mchicha?"

"Ulikuwa mchicha, fundi."

Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Lakini nikarudi kesho yake. Sijui nikueleze vipi. Ndani ya nyumba kila kitu kinamsubiri: kikombe kinamsubiri, kandambili zinamsubiri, na mimi ninasubiri pamoja navyo kama mjinga. Bustanini hakuna kinachosubiri. Mche wa tango hauniulizi kalala wapi. Asubuhi unaukuta umeongeza jani, unasema haya, asante. Mvua inanyesha, matope yanaingia kwenye kucha, mgongo unauma kwa sababu inayoeleweka. Nimemshukuru Mungu kwa maumivu yanayoeleweka.

Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, mboga nyingine zikanywea, mimea ya boga ikazaa. Hapo sasa kila mmea ukaanza kutaja jina lake. Mingi ilizaa ya kawaida, yale makubwa ya rangi ya kutu. Mmoja tu, kwenye kona karibu na pipa la maji, ukatoa maboga matatu madogo, ya kijani iliyoiva, yenye mistari ya kijivu na kitovu kilichochomoza. Shemeji, nililijua kabla sijainama. Nilikaa chini kwenye matope nikalishika kama mtoto aliyetoka leba. Mawili tulikula mimi na watoto, na dereva yule mwenye shingo kama gunia akaacha kijiko akatoka nje. La tatu nikatoa mbegu, nikazikausha kivulini, nikazitia kwenye kitambaa kipya. Ndipo barua yako ikaja. Nikasema zipo. Siku ile niliamini kweli. Uongo wangu ulikuwa kuficha ile habari ya bakuli, na kukufanya usubiri, nikitaka nizipande kwanza nikutumie nyingi, nionekane mwanamume.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Ardhi ilipasuka ukaingia kidole. Nilikuwa nabeba maji yaliyooshewa vyombo naipa mipapai, na chiriku wawili walizoea kunywa kwenye sufuria yangu bila hata kupiga hodi. Nilikuwa nazungumza nao habari zako. Usijali, mema tu.

Mwaka huu mvua ziliporudi nikapanda mbegu zote za lile boga la tatu. Zote, shemeji, mpaka ile iliyovunjika ncha. Zikaota vizuri. Mwezi uliopita zikazaa.

Lilizaliwa boga nisilolijua. Umbo kubwa la kawaida, mistari ya mama yenu lakini imefifia kama iliyofuliwa na majivu, kitovu hakuna. La pili vivyo hivyo. La tano vivyo hivyo. Nikapika. Maji matupu.

Nikamwita bwana shamba. Akaligeuza, akaniuliza, "Mwaka jana maua uliyafunga?"

"Maua yanafungwa?"

Akaliweka boga chini. Akasema, "Fundi, unanitania. Mkeo alikuwa anayafunga kila mwaka, nilikuwa nikimwona kutoka kwangu. Kwa uzi mwekundu. Uzi wako."

Kwa hiyo jirani wa upande wa pili wa ua ndiye aliyenieleza kazi ya mke wangu. Jioni kabla ua jike halijafunguka, alilifunga mdomo kwa uzi ili nyuki wasilitangulie. Asubuhi akalifungua, akalipaka unga wa ua dume la mmea uleule wa mama yenu, akalifunga tena mpaka kijiboga kikaze. Bila hivyo nyuki huchanganya, tunda la mwaka huu linabaki lilelile, lakini mbegu zilizomo ndani ni chotara. Miaka yote hiyo aliishika damu ya lile boga isichanganyike, kwa vidole vyake, ua moja moja.

Na uzi aliniomba mimi! Kila mwaka, mvua zikipungua, alikuja mezani kwangu: "Baba watoto, nipe uzi mwekundu kidogo." Mimi nikibwata, "Uzi wangu unaula?" Yeye akisema, "Nafunga midomo." Nami nikamjibu, "Basi anza na wako." Akacheka, akaondoka na uzi. Miaka arobaini na sita. Sikuwahi kuinua kichwa nikauliza midomo ya nani.

Basi ndiyo habari. Boga la mama yenu halipo tena. Halikufa na dada yako, yeye aliliacha likiwa hai kwenye kitambaa cha buluu. Nimeliua mimi, mara ya kwanza kwa machozi na mara ya pili kwa ujinga. Ndani ya bahasha hii hakuna mbegu. Ningeweza kukutumia hizi za chotara, ungezipanda, ungenishukuru mpaka zizae. Nilizitia, nikaziba, nikaifungua tena bahasha. Ndiyo maana imechakaa mdomoni.

Bustani bado naingia kila asubuhi. Hayo maboga ya maji bwana shamba anawapa ng'ombe wake, na ng'ombe hawajalalamika. Mchicha sasa naujua hata gizani. Ninashukuru, kweli, kwa jua na kwa jasho. Lakini nikiinama pale kwenye kona ya pipa nashindwa kuinuka upesi, na si mgongo.

Ukitaka kuninunia, ninunie, haki yako. Nitukane kwa barua ndefu, stempu mbili. Ila ukimaliza matusi, nina ombi. Nieleze alifundishwa lini kufunga maua. Alikuwa na umri gani, mama yenu alimwonyesha vipi, alikosea mara ngapi, wewe ulikuwa umekaa wapi. Waliomjua msichana yule wote wamekwisha, umebaki wewe. Mimi nilimjua tangu siku ya suruali ya kubana tu, na hata hapo nilikuwa naangalia nguo.

Msalimie Mzee wa Redio, mkwe wako mshona viatu, na yule mjukuu wenu mnene mnayemwita Mkate. Binti yetu mwalimu anakusalimu kwa adabu, dereva anakusalimu kwa honi. Bwana shamba naye anasema pole, ingawa hamjuani.

Mungu akupe mvua ya kiasi na jua lisilo na hasira, na goti lipate nafuu uweze kuinama unapotaka.

Wako akupendaye, hata usiponijibu,
Shemeji yako, fundi nguo.