Lango Moja Tu

Jumatatu, 3 Machi

Leo wamebandika cheo changu mlangoni. "Mshauri wa Sera, Ustahimilivu wa Taifa na Ushirikishwaji wa" – basi, karatasi ikaisha! Katibu muhtasi akasema atachapa upya kwa herufi ndogo. Nimemwambia aache tu. Miezi mitatu kazini na mimi mwenyewe bado sijui ninamshirikisha nani.

Nyumbani mama mkwe kaniuliza tena kazi yangu hasa ni ipi. Nikamweleza: kuisaidia nchi isianguke pakitokea janga – mafuriko, moto, ukame. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo wamekuajiri uwaambie watu wavumilie?" Mume wangu alicheka hadi chai ikampalia. Mimi pia nilicheka. Baadaye sikucheka.

Mkurugenzi wetu – chinichini tunamwita Kamusi, maana hakuna neno linalopita mkononi mwake likatoka lilivyoingia – amenipa kazi. Mkakati mpya wa mafuriko unazinduliwa tarehe 4 Aprili. Kabla ya hapo, wadau wa mtaa wa chini, ule wa kando ya mto, lazima washirikishwe. Nikauliza: mkakati si umeshaandikwa? Akasema ndiyo, na ndiyo sababu inabidi washirikishwe haraka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshuka mtaa wa chini kwa miguu, na viatu vya ofisini. Kosa.

Mwenyeji wangu ni mkunga wa zahanati, ambaye pia ni katibu wa kamati ya wakazi. Mfupi, mwendo wa kasi, anaongea na wewe huku anasalimia kila mlango. Nusu ya watoto wa pale kawapokea yeye. Ananiita mheshimiwa. Nimemwambia mimi si mheshimiwa, ni mtumishi tu. "Sawa, mheshimiwa."

Nilimwomba anionyeshe njia ya kukimbilia maji yakija. Kwenye mkakati, ukurasa wa 31, tumeandika kwamba wakazi watapanda hadi shule ya kilimani, mwendo wa dakika saba. Tukapanda. Dakika ya nne – uzio. Vyuma vilivyosimama, vinene kama kidole gumba, virefu kuliko watu wawili, na juu yake waya wa miiba. Kijia kinapita chini ya vyuma, kinatokea upande wa pili na kuendelea zake hadi shuleni, kama vile hakuna kilichotokea.

Uzio ni wa mwaka jana. Kuzunguka kwa barabara ni dakika arobaini, na unavuka daraja la chini. Hilo daraja ndilo huzama kabla ya kitu kingine chochote.

"Humo ndani mna nini, mheshimiwa?" Anajua vizuri sana. Alitaka nitamke mimi.

Nikatamka. Ghala la akiba la serikali. Mablanketi, mahema, ndoo. Kwa ajili ya watu waliokumbwa na mafuriko.

Alicheka, akacheka, akashika vyuma asidondoke. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jumanne, 11 Machi

Mkutano wa wadau. Darasa la shule ya kilimani, watu sitini na wawili kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Projekta ilikataa kuwaka. Afadhali – slaidi ya kwanza ilikuwa na mishale ishirini na saba.

Bibi mmoja wa mbele akauliza mdau ni nani. Nikasema ni mtu ambaye jambo linamhusu. Akageukia wenzake: "Kumbe! Mimi nilidhani ni wale wanaokuja na gari." Darasa zima likaangua kicheko. Basi baada ya hapo wakaongea.

Nilitegemea orodha ndefu. Sivyo. Wote sitini na wawili wanataka kitu kimoja: lango kwenye uzio. Upana wa mita mbili. Fundi wa kuchomelea vyuma akasimama, kofia mkononi, akasema lango atalitengeneza yeye, kwa vyuma vyake. Anachotaka ni ruhusa ya kukata.

Mkunga akaniomba niandike neno hilo ubaoni ili kila mtu alione. Nikachukua chaki, nikaandika LANGO. Wakapiga makofi. Mpiga picha wa wizara akatupiga picha mimi na mkunga mbele ya ubao, tumeshikana mikono.

Nikawaambia, "Nitalifikisha." Sikusema litafanyika. Nilisema nitalifikisha. Naijua tofauti. Wao, sidhani.

Alhamisi, 13 Machi

Kamusi kaisoma ripoti yangu. Rangi nyekundu tupu! "Lango" limekuwa "njia mbadala ya uokoaji". Mchana likawa "kuimarisha ufikikaji". Nilimfuata ofisini kwake. Si mtu mbaya, lazima niandike hivyo. Kanikaribisha kiti, kauliza kikohozi cha mwanangu kinaendeleaje. Halafu kwa upole: ghala si letu, ni la idara ya ugavi. Na tukiandika lango, tunakiri kwamba tumewafungia watu njia. "Hilo neno lina miguu, dada. Litatembea hadi bungeni."

Nikamwambia, hao watu wana miguu pia.

Akatabasamu kwa huzuni. Akaandika kitu kwenye daftari. Ameniacha na njaa ya kugombana na hakuna wa kugombana naye.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua kulitafuta lango mwenyewe.

Idara ya ugavi, ghorofa ya pili: ghala ni letu, uzio ni wa majengo. Majengo, ghorofa ya tano: tulijenga tu, kukata ni suala la usalama. Usalama, chini kabisa, chumba kisicho na dirisha: bwana mmoja mnene, mpole, anakula karanga. Anahitaji tathmini ya hatari. Nani anaiandika? Akafungua kabrasha, akafuata mstari kwa kidole. "Mshauri wa ustahimilivu."

Mimi!

Nimecheka peke yangu kwenye lifti mpaka mtu akashuka kabla ya ghorofa yake. Nimeandika kurasa mbili kwa saa moja, nikamrudishia kabla hajamaliza karanga zake. Akaiweka kwenye trei. Juu ya nyingine.

Alhamisi, 20 Machi

"Iko mezani."

Ijumaa, 21 Machi

Iko mezani.

Jumanne, 25 Machi

Yule bwana wa usalama yuko likizo. Meza yake haipo likizo, iko palepale, na trei. Nimeiona karatasi yangu, kona yake inachungulia. Anayekaimu anasema hawezi kugusa trei ya mtu.

Ijumaa, 28 Machi

Mkakati umetoka kiwandani. Kurasa tisini na nne, jalada zuri, linanukia wino.

Nimefungua nakala ya kompyuta, nikatafuta neno "lango". Jibu moja. Moyo ukaruka! Nikabonyeza. Ukurasa wa 12: "Milango ya ofisi yetu iko wazi kwa wadau wote."

Basi. Hakuna jingine. Ila kwenye ukurasa wa 60 ipo picha – mimi na mkunga, tumeshikana mikono. Ubao wamepunguza, halionekani neno. Chini yake: "Wadau wameupokea mkakati kwa kauli moja."

Nilikwenda chooni nikakaa humo muda mrefu. Mhudumu wa usafi akagonga, akauliza kama nimeishiwa karatasi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimempigia mkunga. Nilikuwa nimejipanga kumwambia ukweli wote. Kabla sijafungua kinywa yeye ananipa habari: lango liko tayari! Fundi kalimaliza Jumamosi, kalipaka rangi ya bluu, kaliegemeza nje ya karakana, watoto wanalipanda. Sasa vijana wanasema barua ya ruhusa imechelewa, wakate tu uzio.

"Dada," akasema – sijui lini niliacha kuwa mheshimiwa – "wewe ndiye unayeijua serikali. Tukate?"

Nikafikiri mali ya umma. Nikafikiri polisi, fundi na kofia yake mahakamani. Nikafikiri, nikiri hapa asiponiona mtu, jina langu kwenye maelezo yao.

Nikasema, "Subirini. Mkikata ni kosa. Nipeni wiki hii."

"Sawa. Ukisema tusubiri, tutasubiri."

Aliniamini hivyo hivyo, bila hata kuvuta pumzi.

Nilipofika nyumbani mama mkwe akaniangalia mara moja tu. "Nani kakusema?" Nikamwambia hakuna aliyenisema, mama. "Basi hilo ni baya zaidi," akasema, akanivulia koti kama mtoto.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kubwa milimani, redio imesema. Huku kwetu kukavu. Nimemwandikia Kamusi barua pepe: naomba kibali cha dharura, lango la mtaa wa chini. Nimeandika neno lenyewe, mara tatu. Kajibu baada ya dakika mbili: "Tukutane baada ya uzinduzi. Umefanya kazi nzuri."

Alhamisi, 3 Aprili

Saa nane mchana. Msoma kipimo cha mto, kule juu, amepiga simu. Maji yamepita alama nyekundu na bado yanapanda. Yatafika mtaa wa chini ndani ya saa mbili, labda pungufu. Hapa jua linawaka, hakuna hata wingu.

Tangazo la hatari husainiwa na Kamusi peke yake. Kamusi yuko ukumbi wa mikutano, mazoezi ya uzinduzi wa kesho, simu kazima. Nimemtuma dereva. Halafu nimempigia mkunga mwenyewe, bila ruhusa ya mtu. "Watoeni watu." Hakuuliza hata kwa nini. Nilimsikia tayari anapaza sauti mtaani.

Saa tisa. Daraja la chini limeshafunikwa. Maji yamewahi. Wote wamepanda kijia, wako kwenye uzio.

Nimempata mlinzi wa ghala. Yuko ndani peke yake. Nimemwomba awaruhusu wakate. "Mama, nawaona. Watoto wamejaa. Lakini huu uzio wa serikali, nipe barua." Nimeandika barua, mistari miwili. Mhuri umo kabatini kwa Kamusi na funguo anatembea nazo. Nikasaini, nikapiga picha, nikamtumia. Akajibu: "Haina mhuri, mama." Analia. Nasikia kabisa anavyolia.

Saa tisa na dakika kumi na tano. Mkunga. Safari hii si mheshimiwa, si dada. "Wewe mama, tukate au tusikate?"

"Kateni."

Neno moja. Majuma matatu nalitafuta ghorofa kwa ghorofa, kumbe nilikuwa nalo mdomoni.

Umeme wa mtaa umezimika, mashine ya fundi haiwaki. Wanatumia msumeno wa mkono. Ni mmoja tu. Vyuma vitatu vikitoka, mtoto atapita. Vitano, mtu mzima. Mlinzi ameacha kudai barua, anagonga kwa jiwe upande wake.

Saa tisa na nusu. Dereva kapiga: wamemzuia mlangoni pa ukumbi, jina lake halipo kwenye orodha. Nimempigia Kamusi mara kumi na tisa. Nimewapigia polisi, wanaandaa kikosi. Nimewapigia zimamoto, wako upande wa pili wa daraja. Sina mwingine wa kumpigia. Mikono yangu haina kazi, ndiyo maana inaandika.

Mkunga hajakata simu, kaitia mfukoni. Nasikia kila kitu kwa mbali, kama kupitia godoro. Msumeno. Chuma cha kwanza kimeanguka, wameshangilia. Mtu anapiga kelele kwamba maji yamefika kwa muuza mkaa. Mkunga anawapanga watoto, wadogo mbele, kwa ile sauti yake ya zahanati – taratibu, taratibu, hakuna kusukumana, shika nguo ya mwenzio. Chuma cha pili.

Cha tatu wamekianza. Msumeno unakwenda haraka mno. Fundi anawaambia wapunguze, wapunguze jamani –

Umekatika. Nimeusikia.

"Upo mwingine?" Mkunga anauliza. "Jamani, upo msumeno mwingine?"

Namwambia nipo. Nasema nipo hapa, nakusikia, nipo. Nasema kwa nguvu, katibu muhtasi amesimama mlangoni ananitazama. Simu iko mfukoni mwa mkunga, hanisikii.