Macho Yako ya Manjano, Baba

Baba,

Assalaam alaykum huko uliko. Nina jambo la kukiri, na nnaona haya hata kuliandika. Nilikuwa nnaamini kuwa unakunywa pombe.

Pale Mlandege, dukani kwako, wateja walikuwa wakikupa vitambaa uwashonee, kisha wakiyatazama macho yako ya manjano na kuguna. Shuleni mwenzangu Rukia akaniuliza, "Hivi kweli baba'ko anapiga maji?" Nikaanza kupekua mifuko ya suruali zako, mpaka chini ya cherehani. Vifungo na chaki tu. Bado nikaamini.

Na ile Ramadhani, tukifuturu, ulinipa gilasi yako ya juisi ya ukwaju. Niliinusa kwanza. Uliniona, Baba. Ukasema, "Kunywa mwanangu, tamu hiyo," ukageuka kama unayetafuta kitu. Haukupita muda homa ikakuchukua, tukakuzika. Sikukuomba radhi.

Mwezi uliopita na mimi nilishikwa na homa. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakageuka manjano. Damu yangu ikapelekwa Dar kupimwa. Daktari akanieleza kuwa hemoglobini yangu si imara: inaharibika ndani ya chembe nyekundu, chembe zinavunjika kabla ya wakati wake, na ile manjano ndiyo mabaki yake. Homa huzidisha. Akasema ni ugonjwa wa kurithi. "Nani mwengine kwenu ana macho haya?"

"Baba," nikasema. Kisha nikalia mpaka akainuka kufunga mlango.

Hemoglobini nilishaisoma darasani, kwa Kiingereza. Nilichora chembe nzuri, nikapata alama zote. Na siku zile zile nyumbani nakunusa.

Jana Mama Mkubwa, dada yake Mama, alinishika kidevu mbele ya wageni. "Ebo! Na wewe ushaanza ya baba'ko?" Wakacheka. Nikasema, "Baba hajapata kunywa." Sauti ilitoka ndogo. Nafikiri hakuna aliyesikia.

Ijumaa ni hitma yako ya kila mwaka, wote watakuja. Nakuahidi nitasema tena, huko ndani kwa wanawake, kwa sauti ya kusikika. Nitasema ni damu, si pombe. Na nitasema kuwa mimi mwanawe, niliyekuwa nikila naye sahani moja, nilimdhania vibaya. Hilo la pili ndilo zito. Nitaanza nalo.

Pumzika, Baba. Mungu akupe nuru huko.

Mwanao,
Salma