Jina Letu na Meza ya Pembeni

Holmes County, Ohio
3 Septemba 1989

Dada Verna,

Salamu nyingi. Hujambo wewe na shemeji? Sisi wazima, ila mgongo unamsumbua Mama tangu tuvune nyanya.

Jana kwenye kibanda chetu cha kuuzia pai, mtalii mmoja, mdomo umejaa, kaniuliza, "Eti hilo jina la kanisa lenu, Amish, maana yake nini?" Loh! Hata mimi sijui. Nilipomuuliza Baba, kasema, "Maana yake nenda kakamue ng'ombe." Wewe uko mjini, maktaba i jirani. Nitafutie basi. Nabatizwa mwezi ujao, na sitaki kupiga magoti bila kujua naitwa nani.

Mdogo wako,
Saloma

Wooster
12 Septemba

Mdogo wangu Saloma,

Nashukuru mko wazima. Mpe Mama pole.

Jina letu ni la mtu: Jakob Ammann, mhubiri wa kule Uswisi, yapata miaka mia tatu iliyopita. Waliomfuata wakaitwa watu wa Ammann, yaani Amish, ndio sisi. Aligombana na wahubiri wenzake, na ugomvi mkubwa ulikuwa huu: alisema mtu aliyetengwa na kanisa, hata ndugu zake wasile naye meza moja. Wenzake wakaona kazidi, wakaachana.

Kumbe kile kimeza anachonitengea Mama pembeni nikija ndicho kilichotuzaa! Nilicheka pale maktabani, kisha nikalia. Mimi nilibatizwa, nikaapa, ndipo nikaolewa na mtu wa nje ya kanisa, nikatengwa. Yamenipata ya kunipata. Wewe hujaapa bado, ndiyo maana unaweza kuja kukaa nami tukagombea firigisi. Ukishabatizwa, basi tena. Sikushawishi, mpenzi, ila roho inaniuma.

Dada yako,
Verna

Holmes County
30 Septemba

Dada yangu mpenzi,

U mzima? Huku hatujambo, Mama kapata nafuu.

Nilimuuliza askofu. Hakukana. Kasema, "Ni kweli, na anayeiweka hiyo meza huumia kuliko anayeikalia." Nikamjibu, "Umeshamuuliza anayeikalia?" Mzee wa watu akavuta ndevu.

Nitabatizwa, dada. Usinikasirikie. Maisha yangu yako huku, na mchumba wangu Reuben yuko huku. Sasa najua naitwa nani, na nimekubali, ingawa nimelia kwa ajili yako mpaka macho yamevimba.

Ubatizo ni Jumapili ijayo. Njoo Jumamosi mchana, kabla sijaapa. Nitakaa na wewe kwenye kimeza chako, tule sahani moja, na Mama asithubutu kutuharakisha. Nitakula polepole sana.

Mdogo wako,
Saloma