Papa, Nimezipata Kurasa Ulizozivuta

Papa yangu mupendwa, mvuta manabii,

Usikasirike kwa salamu hiyo. Leo nina furaha nyingi, na nisipoanza kwa kukutania nitalia, halafu karatasi italowa.

Jana Jumamosi nilitoka kwenye somo la Biblia kule Himbi, hapa Goma, nikapanda pikipiki kurudi nyumbani Mapendo. Nilikuwa nacheka peke yangu. Motari, mwenye pikipiki, akaniuliza, "Mama, unachekea nini?"

"Papa yangu. Alivuta Biblia."

"Alivuta namna gani?"

"Kama sigara."

Aligeuka kuniangalia mpaka nikaogopa tutaingia kwenye mawe ya volkano.

Lakini wewe unajua nilichosema. Kwetu Masisi duka lilikuwa mbali, karatasi ya kusokotea tumbaku haikupatikana, na karatasi ya Biblia ni nyembamba, inaungua polepole. Wengine walifanya kwa kujificha. Wewe, shemasi mzima, ulifanya mchana kweupe! Asubuhi ukimaliza kukamua, uliketi kwenye kigoda, ukafungua Biblia yako nene, ukachana kipande. Mama akilalamika, ulikuwa na jibu tayari: "Hii ni Agano ya Kale, mama Neema. Ni ya Bayuda, na ilishaisha. Ya kwetu njo Agano Jipya, na ile sitaigusa."

Ulianzia Walawi, kwa sababu ya zile sheria nyingi za wanyama. "Musa anifundishe miye mambo ya ng'ombe? Miye mutu wa Masisi?" Walawi ikaenda. Hesabu ikaenda. Kumbukumbu la Torati ikaenda. Zaburi uliziruka kwa kuwa tulikuwa tunaziimba, ukaingia kwa Isaya.

Na kaa la moto nilikuletea mimi, kwa kibao, mbio kutoka jikoni. Nilikaa karibu yako nikikutazama. Hukusokota kipande hata kimoja kabla ya kukisoma. Midomo yako ilicheza, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, ndipo tumbaku ikafuata. Kisha nilikusomea Injili kwa sauti huku ukivuta, na tukifika pale pa kumpenda jirani ulinikatiza kila mara. "Sikia Yesu! Mutu mwingine hajawahi kusema vile!" Halafu ulinituma na maziwa kwa jirani.

Nilipofika miaka kumi na tatu nikawa mtakatifu kuliko malaika. Mwalimu wetu wa Jumapili alitufundisha kwamba anayepunguza maneno ya Kitabu ataona cha moto. Sikuja kwako. Nilikwenda kwa pasta moja kwa moja, nikamweleza yote, hata kitabu ulichokuwa umefikia. Walikuita mbele ya wazee wa kanisa. Ulisimama ukiwa umeshika ile Biblia iliyokonda, wakakuvua ushemasi. Njiani kurudi ulisema maneno manne tu: "Ungeniambia miye kwanza, Neema."

Hukuvuta tena tangu siku ile. Nami sikukusomea tena. Tuliongea juu ya ng'ombe, masomo yangu, mvua, harusi yangu. Juu ya Mungu, hata kidogo. Miaka yote hiyo, Papa! Niliamini una kinyongo na mimi, na mimi nilikuwa na changu, kwa sababu hukunigombeza ili nipate nafasi ya kuomba msamaha.

Mwaka jana ulipokuja Goma kutibiwa kifua, ulikaa kwangu majuma mawili. Kiti chako kilikuwa karibu na mlango, Biblia magotini, kreyo uliyoichonga kwa kisu nyuma ya sikio. Ulikuwa unaita, "Neema!" Nikija, unanitazama, unasema, "Hapana. Niletee chai." Ulifanya hivyo mara nne, nilihesabu. Nikajua unataka kufufua ile kesi. Nikawa nakimbilia jikoni kabla hujabadili mawazo, chai ikawa nyingi kweli kweli siku zile! Ulirudi Masisi, na miezi miwili baadaye tukakuzika. Shangazi alinipa Biblia yako imefungwa kwa kitenge. Niliiweka juu ya kabati. Sikuifungua.

Sasa sikia ya jana. Mama anayetufundisha aliuliza, "Yesu mwenyewe alisoma Biblia gani?" Papa mmoja akanyanyua mkono kwa nguvu: "Agano Jipya!" Tukampigia makofi. Yule mama akatungoja tutulie, akasema, "Lilikuwa halijaandikwa."

Papa, nilisimama kwenye benchi! Yesu hakushika Agano Jipya mkononi hata siku moja! Ni Muyahudi, mutoto wa Muyahudi, alitahiriwa siku ya nane, sabato alikwenda sinagogi, na walipompa kitabu asome kilikuwa cha Isaya. Shetani alipomjaribu jangwani, alimjibu mara tatu, na mara zote tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Na lile lako la jirani, lile ambalo mutu mwingine hajawahi kusema? Walawi! Musa wako wa ng'ombe! Ulikuwa unalivuta huku unamsifu Yesu kwa kulisema.

Na lile "ilishaisha" letu, yule mama alilipindua pia. Wayahudi hawajaacha kusoma vitabu hivyo, mpaka leo, kila sabato. Ni vyao, viko hai. Sisi tulikaribishwa mezani, tukala tukashiba, halafu tukatangaza kwamba mwenye nyumba alishahama. Niliona haya, na hapo hapo nikakukumbuka, kicheko kikanishika mpaka kwa motari.

Alitupa kazi ya kufanya nyumbani: kufuata yale marejeo madogo chini ya ukurasa, yanayokuonyesha neno limetoka wapi. Yangu ni Agano Jipya tu, tena haina marejeo. Nikakumbuka yako inayo. Nikapanda kiti, nikaishusha, nikafungua kitenge huku bado nacheka.

Papa. Ulikuwa umenitangulia.

Luka, pale anaposoma sinagogini, rejeo linasema Isaya. Pembeni, kwa kreyo, mwandiko wako wa kulala: "Nimeivuta." Mathayo, kule jangwani: "Nimeivuta. Nimeivuta. Nimeivuta." Nikafunua ukurasa baada ya ukurasa nikiwa nimekaa sakafuni na viatu vyangu. Uliyafuata yote, moja moja, na mara nyingi ulifika mahali ambapo ukurasa haupo. Kumbe zile siku za kiti cha mlangoni ndiyo kazi uliyokuwa unafanya! Nilikuja mbio nikuambie habari mpya, na wewe ulikuwa nayo tangu mwaka jana, muzee huyu!

Kisha nikafika pale petu pa kumpenda jirani. Hapo hukuishia kwa neno moja. Uliandika: "Nimeivuta. Mbele ya haya kulikuwa maneno ingine, nimesahau. Nitauliza Neema."

Mara nne uliniita. Mara nne nilikuletea chai.

Basi nakujibu, Papa. Niliazima Biblia kwa jirani asubuhi hii, nikasoma. Yesu alichukua mwisho tu wa maneno yale. Mwanzo wake ulibaki kwa Wayahudi, mahali pake, katika Walawi ya kumi na tisa. Panasema usimchukie ndugu yako moyoni. Akikosa, mwambie yeye mwenyewe. Panasema usilipize kisasi, wala usiwe na kinyongo na watoto wa watu wako. Ndipo panasema umpende jirani yako kama unavyojipenda. Ni hayo. Hakuna mengine.

"Ungeniambia miye kwanza, Neema." Uliisoma ile karatasi kabla ya kuisokota, na maneno yake hayakuungua. Yalikutoka njiani siku ile, nami sikujua yanatoka wapi.

Nimenakili sura nzima kwenye karatasi ya kaye, daftari la shule, kwa biki ya bluu, na nimeishona kwa uzi mweusi baada ya Kutoka. Imejitokeza nje kidogo, karatasi ya shule ni kubwa. Kesho naanza sura ya kwanza, kisha Hesabu, nitafika mpaka kwa Isaya, hata ikichukua miaka. Sina kinyongo, Papa. Nisamehe kwa kwenda kwa pasta. Nisamehe kwa chai.

Pumzika vizuri, na ukikutana na Musa huko, muulize habari za ng'ombe.

Ni mimi, mutoto wako wa kukuletea kaa la moto,

Neema