Nilivyoipiga Kura ya Mama

Alhamisi, Mafiga, hapa Morogoro mjini. Manyunyu tangu asubuhi, milima haijaonekana siku nzima. Nimechoka, na si kwa kazi.

Leo ulikuwa mkutano mkuu wa wanahisa wa ile kampuni ya intaneti. Wanaonisoma siku nyingi wanakumbuka nilivyozisifia hisa zake zilipoanza kuuzwa. Niliwashawishi walimu wenzangu, kisha nikapanda Mgeta, kijijini kwetu milimani, kumshawishi mama yangu. Akanunua kwa fedha za karoti.

Bei inashuka tu.

Kwenye kundi letu la simu, sisi wanahisa wa Morogoro tumegombana wee. Shabani, ninayefundisha naye, anasema tuuze kabla hazijawa karatasi za kufungia vitumbua. Wengine wanasema anayeuza sasa anajiumiza mwenyewe. Jambo moja tu lilitupatanisha: bodi ibadilike. Kulikuwa na nafasi moja inayogombewa, tukakubaliana kumwangusha mjumbe wa siku nyingi, mama mmoja mtu mzima, na kumwingiza mhandisi aliyeahidi kubana matumizi.

Jumapili nikampelekea mama fomu ya uwakilishi, aniruhusu kupiga kura kwa niaba yake. Nilimkuta anapalilia njegere. Nikamwamkia, akanawa mikono, akavaa miwani, akaisoma yote.

"Mchague yule mama," akasema.

Nikamweleza habari za bei. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mnara ulipojengwa huku, yeye alikuja. Alipanda na sisi kwa miguu, akala makande kwangu. Nikamwambia mtandao haushiki kule bondeni, akaandika, na mafundi wakarudi kweli. Huyo mhandisi wenu mimi simjui."

"Sawa, mama."

Akatia saini.

Nilisema sawa. Hilo ndilo linalonichosha.

Mkutano ulifanyika kwa mtandao. Niliufuatilia kwenye simu, peke yangu maktaba ya shule. Kura zangu zikaenda kwa mhandisi. Zikafuata za mama. Nikajiambia mama haelewi mambo ya soko. Nikajiambia namsaidia. Nikabonyeza jina la mhandisi.

Hata chafya huchukua muda mrefu zaidi.

Alasiri matokeo yakatoka. Yule mama ameshinda, tena kwa mbali. Kura zangu hazikubadilisha kitu, wala zile nilizoiba. Kundini, Shabani anaulizia dalali wa kumuuzia hisa zake.

Kisha mama akapiga simu. Alikuwa amesikia redioni.

"Tumeshinda! Asante, mwanangu. Nilijua hutaniangusha."

"Haya, mama," nikajibu.

Nikakata simu. Mimi ni mwalimu wa Uraia. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa na kuwaambia wanafunzi kwamba kura ni ya mwenyewe, haiamuliwi na anayejiona ana akili kuliko wewe. Leo nilijiona nina akili kuliko mwanamke aliyenisomesha kwa jembe.

Nilitaka kumwambia papo hapo. Nikaona jambo kama hili halisemwi kwenye simu. Au labda niliogopa tu.

Jumamosi nitapanda Mgeta. Nitamwambia nikiwa mbele yake, kabla hajaniwekea chai. Sijui atanijibu nini. Ila najua kwamba hata hisa zikipanda kesho hadi mbinguni, safari hiyo bado ninayo.